Maswali Uliyouuliza Moyo Wangu

Mbagala, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Kwa binti yangu Salma,

Assalaam alaikum, mwanangu. Ninakuandikia waraka huu nikiwa kwenye meza yangu ya kazi, hapa barazani mwa mahakama. Wateja wa leo wamekwisha kuondoka, na Mama Eliza anaosha vikombe vyake vya chai hapo pembeni. Ninaandika nikiwa na utulivu kamili wa mwili na akili. Nimechagua kuandika badala ya kusema kwa sababu unanifahamu: mdomo wangu hutangulia kutoa amri, lakini kalamu hunilazimisha kufikiri.

Kuhusu mambo ya safari sitaongeza neno. Mama yako amekwisha kukueleza habari za chandarua, za kufunga begi kwa kufuli na za kutokula chakula cha njiani. Amekueleza mara tatu, nawe umemwitikia mara tatu kwa uso uleule wa upole, jambo ambalo mimi katika umri wako nisingeliweza.

Ninalotaka kuliandika ni habari ya moyo. Simaanishi moyo wa mashairi. Namaanisha kiungo kile cha nyama kilichomo kifuani, ambacho daktari hukisikiliza kwa kifaa chake.

Unaijua kazi yangu, lakini niruhusu niieleze kana kwamba huijui, kwa kuwa humo ndimo kosa langu lilimojificha. Mimi niliishia darasa la saba. Lugha ya maombi na malalamiko sikufundishwa na mtu. Nilipokuwa kijana, wauza karanga wa mjini walikuwa wakifungia karanga zao katika karatasi kuukuu za ofisini, nami nilikuwa nikinunua karanga ili nisome karatasi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika "kwa heshima na taadhima" na "kama nilivyokwisha kueleza hapo juu". Leo hii mtu akiniita karani, ninainua kichwa kwa fahari, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kuniajiri.

Mteja anapokuja, kabla sijafungua kalamu, humwuliza maswali manne. Ilitokea lini? Ilitokea wapi? Nini kilitangulia? Nani aliona? Ulipokuwa na miaka tisa, wakati wa likizo, ulikuwa ukiketi kwenye benchi hilihili ukinisikiliza. Siku moja nilikwenda kuswali adhuhuri, na niliporudi nilimkuta mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja akilia kwa ajili ya mbuzi wake aliyechukuliwa. Alikuwa hana machozi tena. Alikuwa akikujibu wewe. Ulikuwa umemaliza maswali yote manne, na majibu umeyaandika nyuma ya daftari lako la hesabu. Sikukusifu siku ile. Nilikuambia tu kwamba mwandiko wako umepinda. Hilo ni kosa la kwanza ninalolikiri hapa, ingawa ni dogo kuliko yanayofuata.

Ipo sehemu ya pili ya kazi yangu, ambayo sikuwahi kukufundisha na ambayo uliigundua mwenyewe. Baada ya kupata majibu, mwandishi huchagua. Yale yanayomsaidia mteja huyaweka mbele na kuyavika maneno mazuri. Yale yanayomdhoofisha huyaacha. Huo si uongo, kwa kuwa kila neno lililoandikwa ni la kweli. Ila karatasi nzima, ukiitazama kwa mbali, siyo kweli.

Ulikuwa kidato cha tatu alipokuja Mzee Kibwana. Alikuwa ameshindwa katika shauri la kiwanja chake cha Kongowe, na siku za kukata rufaa zilikuwa bado zipo. Nilisoma hukumu yake, na mwili ukanisisimka. Nilitaka rufaa ile iwe kazi yangu bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaandika, nikachana, nikaandika upya. Mzee wa watu alikuwa akija kila asubuhi, anaegemeza fimbo yake mezani, anauliza, "Karani, tayari?"

"Mzee wangu, kazi kama hii haichemshwi kama chai."

"Haya baba. Mie nipo."

Kulikuwa na fungu la maneno, "kinyume cha haki", ambalo niliona limezoeleka mno. Nilitumia siku mbili nzima kutafuta la kuweka mahali pake. Nilipoipeleka rufaa, mpokeaji alihesabu tarehe kwa kidole, akanirudishia karatasi bila kuisoma. Muda ulikuwa umepita. Ulikuwa umepita kwa siku mbili.

Nilimwambia Mzee Kibwana kwamba rufaa yake imekwama ofisini. Alinishukuru kwa juhudi zangu, akaniombea dua.

Baada ya wiki chache, asubuhi moja, nilikuwa nafungua mkoba wangu hapahapa mezani. Moyo ulianza kwenda mbio bila sababu niliyoiona. Pumzi nilikuwa naivuta lakini haifiki chini. Ncha za vidole zikaingia ganzi, midomo nayo ikaingia ganzi, jasho likanitoka mgongoni, na nikajua kwa yakini kwamba ninakufa. Mama Eliza aliniona, akaja mbio na kikombe cha maji.

"Karani, kunywa. Usinifanyie hivyo, Karani. Barua yangu ya mirathi umeifikisha kwenye 'hivyo basi', sasa ukifa nani ataimalizia?"

Hali ile ilidumu kama robo saa, kisha ikaondoka yenyewe, ikaniacha nimechoka kama mtu aliyelima. Siku tatu baadaye ikarudi. Kisha ikarudi tena.

Hapo nilifanya kosa ambalo, nadhani, ni mwandishi wa barua za maombi peke yake anayeweza kulifanya. Nilimwandikia daktari ombi. Juu kabisa niliandika, kwa herufi kubwa na kwa kupigia mstari: YAH: KUSUMBULIWA NA UGONJWA WA MOYO. Hukumu niliitoa mimi mwenyewe kwenye kichwa cha habari, kabla ya mtu yeyote kunigusa kifua. Nilieleza mapigo, nikaeleza ganzi, nikamalizia kwa kuomba nipewe tiba stahiki kabla hali haijawa mbaya zaidi. Ilikuwa barua nzuri. Daktari wa zahanati aliisoma yote, akanipima presha, akanipima sukari, akasema haoni tatizo. Nilikasirika. Nilidhani shauri langu halikuandikwa vya kutosha. Nikaenda kwa daktari wa pili nikiwa na aya mbili zaidi. Kwa daktari wa tatu, yule mama mwenye miwani, nilikwenda na kurasa nne. Yeye alinipima damu, akanilaza kwenye kile kipimo cha nyaya cha kuangalia mwendo wa moyo. Vyote vilikuwa sawa. Nikarudi nyumbani nimeshusha mabega, nikamwambia mama yako kwamba madaktari wa siku hizi hawajui kusoma.

Jioni ile, baada ya magharibi, mama yako alikuwa akichambua mchicha ukumbini. Wewe ulikuja na daftari jipya, ukakaa mkekani mbele yangu.

"Baba, mie leo nataka nikuhudumie kama mteja."

"Mteja wa nini?"

"Mteja wa kawaida tu. Kaa vizuri. Ilianza lini?"

"Mwezi wa Rajabu."

"Siku gani?"

"Siku yenyewe siikumbuki."

"Baba, wewe mteja akikujibu hivyo si unamrudisha kwao?"

Mama yako alicheka mpaka mchicha ukamdondoka. "Leo karani kapata karani," alisema.

Ukaendelea bila kucheka. Wapi? Nikakujibu: barazani, kila mara barazani, ila mara moja nyumbani. Nyumbani nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasoma. Nasoma nini? Hapo nikakawia, kisha nikasema: nakala ya rufaa. Nini kilitangulia? Nikasema hakuna. Nani aliona? Mama Eliza. Nilidhani umemaliza. Ukageuza kalamu, ukaniuliza swali la tano, ambalo mimi kwa miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kumwuliza mteja hata mmoja.

"Umeacha nini?"

"Sijaacha kitu."

"Baba. Pugu."

"Pugu kuna nini?"

"Jumapili iliyopita tulienda kwa shangazi. Ulipanda kile kilima chote na gunia la mihogo begani. Mie nimebeba mkoba mtupu nyuma yako, nakuomba tupumzike, wewe unaniambia vijana wa siku hizi tumelegea. Huo moyo mbovu siku hiyo ulikuwa wapi?"

Katika kurasa zangu nne, kilima cha Pugu hakikuwemo. Nilikiacha kwa sababu kilidhoofisha shauri langu.

Kisha ukauliza, kwa sauti ya chini ili nisiaibike mbele ya mama yako, ile nakala ya rufaa niliyokuwa nikiisoma ilikuwa ya nani. Nami nikakueleza habari zote za Mzee Kibwana, za zile siku mbili, na za lile neno.

Ninataka ujue ni nini hasa nilichokistahi usiku ule, na ninachokistahi mpaka leo. Mtu mwingine angesema, "Kumbe huumwi." Wewe hukusema hivyo. Ulisema, "Moyo unaenda mbio kweli, baba. Na ganzi ni ganzi kweli. Daktari kaangalia moyo wenyewe, kauona mzima. Sasa tuandike kinachoukimbiza." Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulinipa njia ya kutokuwa mwongo na kutokuwa mgonjwa wa moyo kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa nimekwama kwa miezi nikidhani lazima niwe kimojawapo.

Kesho yake ulinipeleka kwa yule daktari mama, ukampa ukurasa mmoja wa mwandiko wako uliopinda. Aliusoma, akavua miwani, akasema, "Hii ndiyo barua niliyokuwa naisubiri." Alinieleza kwamba mwili wa mtu mwenye hofu hujiandaa kukimbia, hata kama mwenyewe ameketi kitini: moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi na za haraka, na pumzi hizo za haraka ndizo zinazoleta ganzi ya vidole na midomo. Hali hiyo aghalabu hupanda upesi, hufika kileleni, kisha hushuka. Aliweza kusema hivyo, aliniambia, kwa sababu vipimo vilikuwa vimetangulia. Bila vipimo asingethubutu. Kisha akanitazama usoni. "Lakini Mzee, kifua kikikubana ukiwa unatembea au unabeba kitu, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi likakutoka, au ukazimia, au upande mmoja wa mwili ukalegea, usikae kuandika. Njoo siku hiyohiyo." Akanifundisha kutoa pumzi taratibu, na akaniunganisha na mshauri pale kituoni, ambaye nilikwenda kumwona mara kadhaa huku nikiwaambia watu barazani kwamba nina shughuli za kiofisi.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kwa Mzee Kibwana. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

"Karani, siku mbili kwa ajili ya neno moja?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Neno lenyewe lipi?"

Nikamtajia.

"Mbona baya," alisema. Tukacheka sote wawili, kisha akalia, nami sikujua mahali pa kuweka mikono yangu. Nilimwandikia ombi la kuongezewa muda, ukurasa mmoja, nikieleza kwamba uzembe ulikuwa wangu na si wake. Lilikubaliwa. Rufaa ilisikilizwa, naye akashindwa. Sitakudanganya kwamba mwisho ulikuwa mtamu. Lakini alishindwa akiwa amesikilizwa, na bado hunipa mkono tunapokutana msikitini. Moyo wangu nao haukutulia siku ileile. Ulipunguza mbio kidogokidogo, kwa miezi, kama mgeni anayeaga huku bado amesimama mlangoni.

Laiti ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye hekima. Sikuishia hapo. Nilikuwa nimejifunza jambo moja, nami nikalifanya kuwa jibu la mambo yote. Mteja akilalamika kichwa, nilimwambia ni mawazo. Akilalamika tumbo, ni mawazo. Mama Eliza aliwatangazia watu, "Karani siku hizi hata jino likikutoboka atakuambia una wasiwasi." Nilidhani ananitania tu.

Ndipo mama yako alipoanza kuhema. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne na tulikuwa tunasubiri matokeo. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, kizunguzungu kikimshika, usiku akisema masikio yanavuma. Alinieleza mimi kwanza, kwa sababu alinijua kuwa mtu aliyepitia hayo. Nikamweka chini, nikamweleza kwa ufasaha wote niliojaliwa kwamba mwili wa mtu mwenye hofu hujiandaa kukimbia, na kwamba hofu yake ni matokeo yako. Niliyarudia maneno ya daktari neno kwa neno, ila lile la vipimo nililiruka. Mama yako aliniamini. Ninapozungumza kwa mpangilio, watu huniamini; hiyo ndiyo riziki yangu. Alivumilia hivyo kwa miezi kadhaa, akitoa pumzi taratibu kama nilivyomfundisha.

Wewe hukunipinga. Ulichukua daftari. Ulimwangalia kwa wiki nzima bila kumwambia, kisha ukamketisha. Ilikuja lini? Akibeba ndoo. Wapi? Kwenye ngazi za kwa jirani, na njiani kutoka sokoni. Akiketi kitako na kuwaza matokeo yako, haikuja. Na siku matokeo yalipotoka, siku ya furaha, alipiga vigelegele viwili tu, cha tatu kikamkatikia kooni, akajishika ukutani. Hofu ilikuwa imekwisha siku ile, mwanangu, lakini moyo ulikuwa bado unakimbia. Hilo mimi nililiona kwa macho yangu na sikulisoma.

"Umeacha nini, mama?"

Mama yako aliinamisha kichwa, akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na vipande vya udongo, ule wanaouza sokoni kwa kina mama wajawazito. Hakuwa mjamzito. Alikuwa akiutafuna kwa siri kwa sababu mwili ulikuwa ukiutamani na yeye mwenyewe akiona haya. Na yale mengine, ya siku zake kuwa nyingi na nzito kupita kawaida, alikuambia wewe nilipokwisha kutoka nje. Ulimfunua kope la chini, ukanionyesha. Lilikuwa jeupe kama karatasi.

Hospitali walimlaza siku ileile na kumwongeza damu. Walitueleza kwamba damu ikiwa kidogo moyo hulazimika kuizungusha upesi, ndiyo maana unakimbia. Na kwamba mwili uliopungukiwa damu humfanya mtu atamani udongo. Baadaye wakamwondolea uvimbe uliokuwa kwenye kizazi. Leo hii anafunga begi lako na kukuimbia habari za chandarua. Lakini siku ile, kwenye benchi la nje ya wodi, nilielewa kwamba ufasaha wangu ungeweza kumwua mke wangu, tena kwa upendo, tena kwa sentensi zilizopangika.

Ulikuja na chupa ya chai, ukaketi karibu nami.

"Kunywa baba. Umekosea nusu tu."

"Nusu ipi?"

"Ulimsikiliza. Hukumpeleka."

Mara ngapi nimeyarudia maneno hayo mawili! Mimi nimekosea kwa pande zote mbili. Hofu nikaiita ugonjwa, na ugonjwa nikauita hofu. Katika nyumba yetu aliyeweza kuvitenganisha ni wewe, na hukufanya hivyo kwa kujua mengi kuliko madaktari. Ulifanya hivyo kwa kutoacha kitu nje ya karatasi. Walipokuchagua kwenda chuo cha afya cha kule Tabora, Mama Eliza alisema umebahatika. Nikamwambia kwamba chuo ndicho kilichobahatika, naye kwa mara ya kwanza hakunitania.

Sasa ninafika kwenye jambo lenyewe. Kama unasoma haraka, hapa punguza.

Juma lililopita uliijaza fomu ya afya ya chuo, ukaiweka ndani ya bahasha. Unajua kwamba hakuna karatasi inayotoka katika nyumba hii bila kupita machoni pangu. Niliifungua. Katika ukurasa wa pili wanauliza kama umewahi kusumbuliwa na mapigo ya moyo kwenda kasi, kizunguzungu au kukosa pumzi. Umejibu, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wote niliowahi kuuona kwako: Hapana.

Salma, mimi ni shahidi wa macho. Mara ya kwanza ilikuwa ile asubuhi ulipomaliza kuzungumza kwa simu na watu wa chuo. Ulikuwa umesimama mlangoni, mikono mitupu, ukakunja vidole na kuvikunjua kama mtu anayetafuta kuvihisi, midomo imekauka. Mara ya pili ulikuwa umerudi na ndoo ya maji. Uliitua kabla ya kufika, ukashika nguzo ya kibaraza, ukafumba macho. Nilikuuliza. Ulinijibu, "Mie mzima baba, joto tu." Nikakubali. Nilikusikiliza, sikukupeleka.

Sababu ya kuandika Hapana ninaifahamu. Uliogopa kwamba wakisoma Ndiyo watampa mwingine nafasi yako. Uliacha kinachodhoofisha shauri. Sikulaumu hata kidogo, kwa kuwa kazi hiyo uliionea kwangu, kwenye benchi hili, tangu ukiwa na miaka tisa.

Jana nilianza kumwandikia mlezi wa bweni lenu. Nilipofika aya ya tatu nikatazama juu, nikaona nimekwisha kuandika: YAH: BINTI YANGU KUSUMBULIWA NA WASIWASI. Nilikuwa nimekuhukumu tena kwenye kichwa cha habari. Nikaichana. Ukweli ni kwamba sijui. Ile ya mlangoni inafanana na ya kwangu. Ile ya ndoo inafanana na ya mama yako. Huenda ni moja, huenda ni zote mbili, huenda ni kitu cha tatu ambacho sisi wawili hatujawahi kukiugua. Matukio mawili hayatoshi kwa hukumu, bali yanatosha kabisa kwa shauri kupelekwa mbele.

Neno lako sikuligusa. Nitakueleza tu jinsi karatasi rasmi inavyosahihishwa, maana hilo ninalijua kuliko madaktari wote. Haisahihishwi kwa kufuta. Haipakwi rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja wa kulikata neno, mwembamba, ili neno la kwanza liendelee kusomeka. Pembeni unaandika lililo kweli. Halafu unatia sahihi na tarehe. Nimeziona karatasi za namna hiyo zikipokelewa maisha yangu yote. Anayezipokea huona kwamba aliyeziandika alirudi nyuma kuzitazama tena.

Chuo watasema nini, siwezi kukuahidi. Ninadhani watataka upimwe, na ninakuomba upimwe kwa ukamilifu, damu na mengineyo, kabla mtu yeyote, hata wewe mwenyewe, hajaliita jambo hilo kwa jina. Ikionekana ni mwili, utatibiwa. Ikionekana ni hofu, nayo ni jambo la kutibiwa, wala usiwaambie watu kwamba una shughuli za kiofisi. Na kama watajaribu kukurudisha nyumbani kwa sababu ya neno moja la kweli, hapo niachie mimi. Nitawaandikia. Nitawaandikia siku hiyohiyo, bila kutafuta maneno.

Nilitaka kufunga hapa. Lakini swali lako la tano limeketi mbele yangu kwenye benchi, na haliondoki. Nimeacha nini?

Leo saa nne asubuhi moyo wangu ulikwenda mbio kwa takribani dakika kumi, na vidole vikaingia ganzi. Mahali: hapa mezani. Kilichotangulia: mteja aliniuliza, "Karani, binti yako hayupo leo?" nami nikamjibu kwamba amekwenda sokoni kununua ndoo ya bwenini, kisha nikatambua kwamba nitaulizwa hivyo tena wiki ijayo na jibu halitakuwa sokoni. Aliyeona: Mama Eliza. Nilitoa pumzi taratibu, ikashuka. Kesho kutwa nitapita kwa daktari wangu nimweleze, ili tuwe tumejipeleka wote wawili.

Rudi sasa kwenye aya ya kwanza ya waraka huu. Utaona kwamba maneno "utulivu kamili" yamekatwa kwa mstari mmoja mwembamba. Sikuyafuta, bado yanasomeka. Pembeni nimeandika "hofu, pamoja na fahari", nikatia sahihi yangu na tarehe ya leo.

Ndani ya bahasha ya fomu nimekuwekea kalamu. Nimeijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine. Wino wake ni ule ulioutumia kuijaza.

Ni mimi baba yako, na mteja wako wa pili baada ya yule mama wa mbuzi,

Athumani